Beatrice Tinsley na galaksi zilizokatiwa riziki

Aliyewahi kukaa hosteli anajua: bumu likichelewa, hakuna anayeanguka siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza unakula kama kawaida, unanunua vocha, hata mwenzako akikopa elfu mbili unampa. Wiki ya pili unaanza kuruka chai ya asubuhi. Wiki ya nne ndipo watu wanashtuka kukuona umelala kitandani saa saba mchana, kikombe cha maji pembeni. Wanadhani jambo limekupata leo. Kumbe lilikupata mwezi mzima uliopita, siku hela zilipoacha kuingia.

Mwaka 1980 wanasayansi watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha makala iliyosema kwamba galaksi nyingi zinazoingia kwenye makundi ya galaksi huishia hivyo hivyo. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka 39, Beatrice Tinsley. Wakati huo tayari alikuwa anaumwa saratani, na alibakiza mwaka mmoja hivi wa kuishi. Kwenye mihadhara yetu jina lake lilitajwa mara moja, kwenye slaidi moja, likapita. Nikaona hapana, huyu mtu anahitaji zaidi ya slaidi.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1941 mjini Chester, Uingereza, katikati ya vita, akiwa binti wa katikati kati ya mabinti watatu. Vita vilipoisha familia ikahamia New Zealand. Alikulia zaidi New Plymouth, mji wa pwani, ambako baba yake aliyekuwa mchungaji alikuja kuwa meya. Beatrice alikuwa na akili za hesabu na mkono wa fidla, na muziki hakuuacha hata alipokuwa mkubwa. Chuo Kikuu cha Canterbury, mjini Christchurch, alisoma fizikia. Alichokitaka hasa ni kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu mzima na mwenendo wake, lakini pale hapakuwa na wa kumsimamia. Basi tasnifu ya uzamili akaandika juu ya fuwele. Wangapi humu tunasoma tulichopangiwa huku roho iko kwingine?

Mwaka 1961 aliolewa na Brian Tinsley, mwanafizikia mwenzake. Hapo ndipo alipoanza kugongana na taratibu: mume akiwa ameajiriwa na chuo, mke asingeweza kuajiriwa na chuo hicho hicho. Mwaka 1963 wakahamia Dallas, Texas, ambako Brian alipata kazi kwenye kituo cha utafiti. Hadithi ikajirudia. Mume ana ofisi, mke yuko nyumbani na shahada yake.

Alichofanya ni kujiandikisha kwa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Texas, Austin, mwaka 1964. Kutoka Dallas hadi Austin ni kama kilomita 300. Kila wiki alikwenda, akakaa huko siku kadhaa, akarudi. Mwishoni mwa 1966, kabla miaka mitatu haijatimia, kazi ilikuwa imekwisha. Kuna watu wanakaa Chuo Kikuu pale pale geti la pili na bado tasnifu inawashinda. Sisemi mtu.

Tasnifu yenyewe iliuliza swali ambalo leo linaonekana la kawaida: galaksi ikikaa miaka mabilioni, inabadilika vipi? Galaksi ni mkusanyiko wa nyota mabilioni, pamoja na gesi na vumbi lililotapakaa kati yake. Gesi ndiyo malighafi. Inapopoa na kujikusanya, nyota mpya huzaliwa. Nyota kubwa za buluu hung'aa sana na kufa mapema; ndogo nyekundu hudumu muda mrefu mno. Zinapokufa, nyota hurudisha sehemu ya gesi angani ikiwa imechanganyika na kaboni, oksijeni, chuma na chembe za vumbi. Tinsley alichukua yote hayo, kiwango cha kuzaliwa kwa nyota, umri wake, rangi yake, gesi inayotumika na inayorudi, akayatia kwenye kompyuta na kuzeesha galaksi hatua kwa hatua. Katika kila hatua aliweza kusema galaksi ingekuwa na mwanga kiasi gani, rangi gani, na gesi kiasi gani iliyobaki.

Hilo liliwakera wakubwa. Allan Sandage, mmoja wa wanaastronomia wenye sauti kubwa wakati ule, alikuwa akitumia galaksi zinazong'aa zaidi kwenye makundi makubwa kama taa za kupimia umbali. Kwa vipimo hivyo ilionekana ulimwengu unapunguza mwendo wa kutanuka na huenda siku moja utarudi kujikunja. Ila kipimo hicho kinafanya kazi ikiwa tu taa hazibadiliki. Hesabu za Tinsley zilionyesha kwamba galaksi hufifia kadiri nyota zake zinavyozeeka, na kwamba badiliko hilo linatosha kupindua jibu lote. Binti wa Dallas asiye na ajira ya maana anamwambia bingwa kwamba rula yake inanyooka na kusinyaa! Mabishano yalidumu miaka. Mwaka 1974 yeye pamoja na Richard Gott, James Gunn na David Schramm walikusanya ushahidi wa aina mbalimbali na kuhitimisha kwamba ulimwengu utaendelea kutanuka bila kukoma. Leo hakuna anayepima umbali kwa galaksi bila kwanza kuuliza zimezeeka kiasi gani.

Sasa nifike mahali ambapo chumbani kwetu palizuka ugomvi hadi saa nane usiku. Beatrice na Brian walikuwa wameasili watoto wawili, mvulana mwaka 1966 na msichana mwaka 1968. Kwa miaka kadhaa alifanya utafiti kwa vipande vipande, kwa nafasi za muda, huku akilea. Chuo cha Dallas kilimwomba asaidie kubuni idara ya astronomia. Akaibuni, akaomba kazi kwenye idara aliyoichora mwenyewe, na maombi yake hayakujibiwa. Mwaka 1974, mwaka ule ule alipopewa tuzo ya Annie Cannon ya wanaastronomia wa Marekani, ndoa ilivunjika. Akaondoka Texas kufuata kazi. Watoto wakabaki kwa baba.

Mwenzangu mmoja alisema mama hawezi kuacha watoto, mwisho wa maneno. Mwingine akamjibu kwamba mwanasayansi mwanaume akiacha watoto kwa mama yao akaenda Ulaya miaka mitano, tunamfanyia sherehe ya kumuaga. Mimi sikupata upande. Kuwaacha kulimuumiza, na sidhani ni haki kumfanya malaika kwa kuliruka jambo hili, kama wafanyavyo baadhi ya wanaomsifu. Ninachoona ni kwamba kama kile kilomita sifuri kutoka nyumbani kwake, pale Dallas, kingemjibu barua, swali lenyewe pengine lisingekuwepo.

Alipita California kwa muda, na mwaka 1975 Yale wakamwajiri. Mwaka 1978 akawa profesa, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa astronomia chuoni hapo. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ofisi ya kudumu, wanafunzi wake, na mwenzake wa kufikiri naye, Richard Larson. Mwaka 1977 wawili hao waliitisha mkutano mkubwa pale Yale juu ya mabadiliko ya galaksi. Waliokuja walikuta kwamba hilo sasa ni somo kamili lenye watu wake.

Mwaka 1978 Tinsley na Larson walichunguza rangi za galaksi zenye maumbo ya ajabu, zile ambazo Halton Arp alizikusanya kwenye atlasi yake ya 1966. Wakaona kwamba galaksi zilizovurugana na jirani zina rangi zilizotawanyika kuliko zile tulivu, na maelezo yake ni kwamba jirani akipita karibu, nguvu yake ya uvutano hukoroga gesi, na nyota nyingi huzaliwa kwa mkupuo. Kumbe galaksi haijiamulii maisha yake peke yake, inategemea anayepita karibu.

Mwaka 1980 wakarudi, safari hii pamoja na mwanafunzi wao Nelson Caldwell, na hesabu ambayo hata sisi tunaweza kuifanya nyuma ya daftari. Chukua galaksi yetu, Njia Nyeupe. Kila mwaka hutengeneza nyota mpya zenye uzito wa Jua moja au mawili hivi. Gesi iliyo ndani yake ina uzito wa majua mabilioni kadhaa. Gawanya. Unapata miaka bilioni chache tu hadi ghala liishe. Lakini galaksi hii imekuwa ikizaa nyota kwa zaidi ya miaka bilioni 10! Hapo kuna mtu anatuma hela kutoka nyumbani. Walisema lazima galaksi za aina hii zimezungukwa na gesi nyembamba ya akiba, kama blanketi pana lililolegea, ambayo hudondoka ndani polepole na kujaza kinachotumika.

Sasa galaksi hiyo iingie kwenye kundi. Galaksi nyingi haziishi peke yake. Zipo kwenye makundi madogo yenye chache au makumi, na mengine kwenye makundi makubwa kama lile la upande wa nyota za Mashuke, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 54, lenye galaksi zaidi ya elfu moja. Nafasi kati ya galaksi za kundi kubwa si tupu. Imejaa gesi ya moto wa makumi ya mamilioni ya nyuzi, nyembamba mno, inayoonekana kwa eksirei. Ukipanda bodaboda siku isiyo na upepo, upepo unautengeneza mwenyewe kwa mwendo wako, na kofia isiyobana inakwenda. Galaksi ikikata gesi hiyo kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, inajitengenezea upepo wa mbele unaoweza kupeperusha gesi yake, hata iliyo ndani ya sahani yenyewe. Gunn na Gott, wale wale wa makala ya 1974, walikuwa wameieleza fomula yake mwaka 1972.

Tatizo ni makundi madogo. Mwendo huko ni kilomita mia kadhaa tu kwa sekunde, na msukumo wa upepo hufuata kipeo cha pili cha mwendo: punguza mwendo nusu, msukumo unabaki robo. Isitoshe, gesi yao ya katikati ni haba. Kwa hesabu hiyo galaksi za makundi madogo zingebaki na gesi yake salama. Hazibaki.

Hapa ndipo makala ya 1980 ina nguvu. Huhitaji kumnyang'anya mtu sahani ya chakula. Inatosha kumkatia anayetuma hela. Blanketi la nje limeshikwa kwa uvutano dhaifu, kwa hiyo hata upepo mdogo, au mvuto wa kundi lenyewe, unaweza kulivua. Ndani, galaksi haijui. Inaendelea kuzaa nyota, buluu na nzuri, mikono yake iliyojipinda iko pale pale, kwa miaka mabilioni. Kisha gesi inakwisha, nyota za buluu zinakufa bila kurithiwa, mikono inafifia, na inabaki sahani laini ya nyota nyekundu zenye umbo la lenzi. Galaksi za aina hiyo zimejaa kwenye makundi makubwa, na asili yake ilikuwa imewasumbua watu kwa muda. Miaka miwili kabla, Harvey Butcher na Augustus Oemler walikuwa wameona kwamba makundi makubwa ya mbali sana, ambayo tunayaona kama yalivyokuwa zamani, yana galaksi za buluu nyingi kuliko ya karibu. Tinsley na wenzake wakasema: hizo ni zile ambazo akiba ilikuwa haijaisha bado. Watafiti waliokuja baadaye waliliita jambo hili njaa, wengine kukabwa koo.

Njaa haifanyi kazi peke yake, bila shaka. Upande wa nyota za Dubu Mkubwa, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 12, kuna kundi dogo lenye M81, M82 na NGC 3077. Kwa darubini ya kawaida ni galaksi tatu zilizotengana kiungwana. Ziangalie kwa darubini ya redio, kwenye mawimbi ya haidrojeni, na utaona madaraja ya gesi yamezifunga pamoja, gesi iliyochomolewa walipokaribiana. M82 inazaa nyota kwa fujo na kujipulizia gesi nje, ule mkupuo ambao Tinsley na Larson waliuona kwenye rangi.

Na sisi wenyewe tumo kwenye kundi dogo. Galaksi ndogo zilizo ndani ya miaka ya nuru kama 900,000 kutoka Njia Nyeupe karibu zote hazina gesi. Zilizo mbali zaidi mara nyingi bado zinayo. Wanaobaki na gesi karibu nasi ni Mawingu mawili ya Magellan, na hayo nayo yanavuja: yameacha nyuma mkia wa gesi unaokatiza zaidi ya nyuzi 100 za anga. Beatrice aliyaona mawingu hayo utotoni, kwani New Zealand yako juu sana. Kutoka kwetu yako chini upande wa kusini, na ukitoka mbali na taa za mji Desemba au Januari, usiku usio na mwezi, unaweza kuyaona kwa macho. Mkia wenyewe hauonekani kwa macho, msijisumbue.

Vumbi nalo linakwenda na gesi, ingawa si kwa kiasi kile kile. Chembe zake ni ndogo kama za moshi, na hujikusanya zaidi katikati ya galaksi, ambako uvutano ni mkali. Darubini ya anga ya Herschel, iliyofanya kazi kati ya 2009 na 2013, ilionyesha kwamba galaksi za kundi la Mashuke zilizopungukiwa gesi zina sahani za vumbi zilizokatwa kingo, kama chapati iliyoliwa pembeni. Vumbi lililotolewa nje likikutana na gesi ya moto, chembe zenye kasi huligonga hadi liishe. Na galaksi bila vumbi inapata shida zaidi, maana juu ya chembe hizo ndiko atomi za haidrojeni zinakoungana kuwa molekuli, na wingu la molekuli ndilo linalozaa nyota.

Mengi ya haya Tinsley hakuyaona. Saratani ya ngozi, melanoma, iligunduliwa mwaka 1978, mwaka ule ule wa uprofesa. Alitibiwa, akaendelea kufundisha na kuandika, ikarudi. Mwishoni alihamia zahanati ya chuo, na kazi ikamfuata huko. Mkono wa kulia ulipokataa, alijifunza kuandika kwa wa kushoto. Alifariki tarehe 23 Machi 1981, akiwa na miaka 40, ameacha makala kama 100 alizoandika kwa miaka 14 hivi. Tangu 1986 Chama cha Wanaastronomia wa Marekani kinatoa tuzo yenye jina lake, na New Zealand wameupa mlima jina lake.

Makala yake ya mwisho aliituma siku kumi kabla ya kufa, ikachapishwa Novemba mwaka huo kama alivyoiacha. Ilihusu kemia: jinsi metali zinavyoongezeka kwenye gesi kadiri nyota zinavyozaliwa na kufa, na jinsi gesi mpya inayoingia inavyozichuja. Mwaka 2015 watafiti wa Cambridge walitumia mantiki ya aina hiyo kupima kama galaksi zilizokufa ziliuawa ghafla au kwa njaa. Gesi ikipeperushwa mara moja, uzazi wa nyota hukoma na metali hubaki pale zilipokuwa. Chanzo kikikatwa, galaksi hula akiba yake bila kuchanganyiwa kipya, na nyota za mwisho huzaliwa na metali nyingi zaidi. Walilinganisha galaksi zaidi ya 26,000. Nyingi ya zilizokufa zilikuwa na metali za ziada, na muda uliopita tangu kukatiwa hadi kuzimika ulikuwa kama miaka bilioni nne.